Moja Mara Moja

Jumatatu, 13 Januari

Nimeacha gauni la bi harusi kwenye cherehani, sindano imezama kitambaani. Nikiendelea kushona na mawazo haya nitaharibu kazi ya watu. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja nikaligeuza, naandikia kurasa za nyuma. Huku hakuna mteja anayefika.

Leo nilimpeleka mama kliniki. Tulitoka Ngamiani tumechelewa, bajaji ikatushusha ng'ambo ya barabara, tukavuka mbiombio, mama baibui kalikunja mkononi. Tunaingia tu, jina lake linaitwa. Hakupumzika hata dakika. Nesi akamfunga mkanda wa mashine huku mama anamhadithia foleni ya bajaji, na kwamba tangu nyumbani amebanwa na haja ndogo. Mashine ikasoma 176/102.

Daktari akafunua daftari la mama la kliniki. Tarehe 25 Novemba ndiyo alimwanzishia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku.

"Mama, dawa unakunywa?"

Mama akanitazama mimi. Na mimi, sijui kwa nini, labda kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na watu wanasikia, labda niliona kama nimeulizwa kama namtunza mama yangu au simtunzi, nikajibu mimi: "Anakunywa, daktari. Kila siku."

Akaandika miligramu 10.

Jumanne, 14 Januari

Nilikuwa natafuta vifungo vya lulu vya gauni. Mama kila kitu hukiweka kwenye makopo ya maziwa: uzi, sarafu, karafuu, ubani. Kopo la tatu nikakutana na bahasha ya dawa ya Novemba. Nikaimwaga mezani nikahesabu kama ninavyohesabu vifungo. Vidonge 14.

Alipewa 30. Zimepita siku 49.

"Mama, hivi imekuwaje?"

"Imekuwaje nini? Si dawa zangu hizo."

"Zilitakiwa ziwe zimekwisha siku ya Krismasi."

"Kwani mimi nilikuwa naumwa kila siku? Yule kijana wa dirishani alisema mwenyewe: moja, mara moja moja."

Nikaisoma bahasha. Imeandikwa 1x1. Kijana alisema moja mara moja. Mama akasikia mara moja moja, akaondoka na alilolipenda. Kumbe alikuwa anakunywa kichwa kikimgonga, au akitoka kugombana na muuza maji. Kwake presha ni mgeni: akija anakaribishwa kwa kidonge, akienda zake kopo linafungwa. Na vidonge vinne alimgawia shoga yake wa nyumba ya pili, aliyeshikwa na kizunguzungu siku ya maulidi. Kwa hiyo vilivyomwingia mama ni 12 kwa siku 49.

Nilifoka. Kisha nikakaa kimya, maana nilikumbuka kuwa mimi ndiye niliyemnunulia zile 30. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, sikujiuliza hata siku moja mbona hatujarudi kununua nyingine. Na jana, mbele ya daktari, nimesema kila siku.

Mteja akivuta tumbo ndani wakati nampima, gauni litamkaba, na mkasi wangu hauna kosa. Daktari amepima kwa futikamba niliyomshikia mimi.

Hata hivyo usiku huu nimempa kile kidonge cha 10. Kimeandikwa na daktari. Nani mimi wa kukipinga?

Alhamisi, 16 Januari

Nimepita duka la dawa la jirani na soko la Mgandini. Yule dada mfamasia nilimshonea dera la sikukuu, hanionei aibu wala mimi simwonei. Nikamweleza yote, isipokuwa nani aliyejibu kwa daktari. Hapo nilisema "tulijibu".

Akanifundisha kama mtoto wa shule, na nilihitaji kufundishwa hivyo.

Amlodipini, anasema, haifanyi kazi kama panado. Panado unaimeza kichwa kinauma, baada ya muda kinatulia. Hii ukiimeza leo inapanda polepole. Kilele chake ni baada ya saa sita mpaka kumi na mbili. Kisha haina haraka ya kutoka. Inachukua saa 30 mpaka 50 kwa nusu yake tu kuondoka mwilini, na kwa wazee hukawia zaidi. Ndiyo maana kidonge cha kesho kinaikuta ya leo bado imo, cha kesho kutwa kinazikuta mbili, mpaka baada ya siku saba au nane ndipo kiasi kinatulia na mishipa inabaki imelegea usiku na mchana. Mama akimeza kimoja siku ya ugomvi na muuza maji, kinamfika ugomvi umekwisha. Na kabla hakijaungana na mwenzake, kimeondoka.

Nikamuuliza kuhusu vipimo. Mtu mzima kwa kawaida huanzia miligramu 5 mara moja kwa siku. Mzee aliyedhoofu, mwenye mwili mdogo, au mwenye ini bovu huweza kuanzia 2.5. Mwisho ni 10, zaidi ya hapo hakuna. Na kupanda kutoka 5 kwenda 10 hungojewa, siku saba mpaka kumi na nne au zaidi, ili ile 5 ionyeshe kwanza uwezo wake.

"Sasa mama yako," akasema, "ile 5 hajawahi kuionja sawasawa. Amerushwa darasa."

Akanisisitiza: rudini kwa daktari, mumweleze. Yeye pale dukani hawezi kubadilisha dozi iliyoandikwa, na sisi nyumbani tusijaribu. Nikasema nitarudi Jumatatu.

Jumatatu nina magauni ya wasimamizi sita wa harusi. Nimeandika hapa ili nisijidanganye: si magauni yanayonizuia. Naona haya.

Ijumaa, 24 Januari

Miguu ya mama imevimba.

Jana usiku alipovua ndala niliona kanda zimeacha mitaro. Nimempima kifundo kwa futikamba: asubuhi inchi 8 na nusu, jioni inchi 9 na robo. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Shoga yake amekuja na kidonge cha kukojoa, kile anachopewa yeye. "Mpe hiki, maji yote yatatoka." Nikakumbuka vile vinne vilivyotoka kwetu kwenda kwake, sasa deni linarudi kwa mlango uleule. Nikamshukuru, nikakiweka mezani, hakikuliwa na mtu. Nimempigia yule dada wa duka. Anasema uvimbe wa amlodipini mara nyingi si maji yaliyozidi mwilini. Dawa imelegeza mishipa inayopeleka damu kuliko inayorudisha, basi majimaji yanachujuka na kukaa chini kwenye vifundo. Dawa ya kukojoa haiuondoi vizuri, itamkausha bure. Na uvimbe huu hufuata kiasi cha dawa: kwenye 10 ni wa kawaida kuliko kwenye 5.

Lililonitisha zaidi ni la alfajiri. Mama aliinuka kwenda kutawadha, akashika ukuta, akakaa chini taratibu kama nguo inayoteleza kutoka kwenye msumari. Hakuanguka. Lakini nimemkumbuka mama mkubwa, dada yake, na mkono wake wa kushoto ulivyolala mapajani miaka saba baada ya kiharusi. Yule presha ilimwangusha kwa kuwa juu bila dawa. Huyu wangu nakaribia kumwangusha kwa dawa.

Wasimamizi wa harusi watangoja.

Jumatatu, 27 Januari

Tumekwenda mapema. Nilimwambia mama aende msalani kwanza. Tukakaa benchini, mgongo umeegemea, miguu chini haikupishana, na nikamwomba asiniongeleshe. Alinuna dakika tano nzima, ndiyo dakika tano zilizotakiwa.

Kabla daktari hajauliza nikasema. Kwamba vidonge vya Novemba vilimeza vumbi. Kwamba aliyesema kila siku ni mimi. Nilitegemea anikaripie. Aliweka kalamu chini, akanishukuru, jambo lililonichoma kuliko kukaripiwa.

Amempima mara tatu. Amekaa: 122/70. Baada ya kusimama: 104/62. Akaeleza ile 176 ilitoka wapi. Mtu aliyetoka kutembea kwa haraka, anayezungumza, mwenye kibofu kilichojaa, mkono ukining'inia bila kuegemea usawa wa moyo: kila moja katika hayo inaongeza namba, na yakikutana yanajumlishana. Presha mama anayo, hakuna ubishi. Lakini siku ile tulimpima yeye na bajaji na foleni na haja ndogo pamoja.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: anatumia dawa gani nyingine? Mama akasema hakuna. Nikamtazama. Akasema, labda zile za magoti. Ni diklofenaki, anainunua mwenyewe dukani, kimoja asubuhi na kimoja jioni akizidiwa. Daktari akatikisa kichwa. Dawa za maumivu za kundi hilo hupandisha presha, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kwa mzee hulemea figo. Ameziondoa, amempa parasetamoli na mazoezi ya kunyoosha goti, na ameagiza figo zipimwe. Akauliza na chumvi. Hapo mama alijitetea sana: ng'onda si chumvi, ng'onda ni samaki.

Amemrudisha kwenye miligramu 5. Kila siku, awe anaumwa au haumwi. Turudi baada ya wiki nne, na namba za nyumbani zimeandikwa.

Njiani mama akasema, "Kumbe ungesema kweli siku ile, miguu yangu isingevimba." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi ningekunywa, usingehitaji kusema uongo." Tukanyamaza mpaka nyumbani.

Jumamosi, 1 Februari

Mambo mawili ya wiki hii.

La kwanza ni vile vidonge vya 10 vilivyobaki. Mama hapendi kitu kitupwe. "Si tuvivunje katikati? Nusu ya kumi ni tano, hesabu hiyo hata mimi naijua." Nilikwishachukua mkasi. Kisha nikapiga simu kwanza, nimejifunza. Yule dada aliniuliza kama kina mstari katikati. Kinao. Akasema hicho kinavunjika, kwa kuwa amlodipini ya kawaida haikufichwa ndani ya ganda la kuachia polepole. Nivunje kimoja kimoja kwa siku yake, nisivunje vyote nikaweka. Lakini akanionya nisiifanye hiyo kuwa desturi ya kila dawa. Ipo nifedipini ya kuachia polepole, ambayo wengi mtaani wanatumia kwa presha hiyohiyo. Ile ukiivunja au kuitafuna, dawa iliyopangwa itoke siku nzima inamwagika kwa pamoja, na presha inaweza kuporomoka ghafla. Nimerudisha mkasi mahali pake.

La pili ni saa. Mpwa wangu, anayesoma famasia Muhimbili, alimwekea bibi yake kengele kwenye simu. Kengele ikiandika 8:00. Juzi nilikuwa kwa mteja, nikarudi alasiri, nikamkuta mama anameza.

"Mbona sasa hivi?"

"Simu imeandika nane. Si saa nane hii?"

Saa mbili asubuhi ya simu ilikuwa imelia, yeye akaizima akangojea saa nane yake. Nimempigia mpwa wangu tukacheka mpaka machozi. Akasema, "Mama mdogo, kosa langu." Dawa haikudhurika kwa kuchelewa saa sita. Akaniambia watu hubishana sana asubuhi au usiku. Uingereza walifuatilia watu zaidi ya 21,000, matokeo yakatolewa 2022, na waliokunywa dawa zao za presha asubuhi na waliokunywa jioni hawakutofautiana kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi. Saa nzuri ni ile usiyoisahau. Tumekubaliana: baada ya chai ya asubuhi. Kengele imefutwa, chai haijawahi kusahauliwa nyumba hii.

Jumapili, 9 Februari

Nimenunua mashine ya kupimia presha, ile ya mkono wa juu. Ya kifundo cha mkono ilikuwa rahisi zaidi lakini daktari alisema hizo hukosea kwa urahisi.

Maelezo yake yanasema mkanda unafaa mkono wa sentimita 22 mpaka 32. Haya ni maneno ya fundi, nikayaelewa bila mkalimani. Nikampima mama: 23. Unamfaa, kwa shida kidogo. Nikajipima na mimi, kwa mchezo tu: 36. Nikaufunga hivyohivyo, ukanibana kama mkono wa sare ya shule ya mwaka jana, ukasoma 149/93. Moyo ukanienda mbio.

Mpwa wangu akaniuliza ukubwa wa mkono wangu, akasema mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu ya ukweli. Jana nikapita kliniki wakanifunga mkanda mkubwa: 131/84. Si mgonjwa, ila si wa kujisahau. Daktari kaniambia nirudie kila baada ya miezi michache, na ng'onda isiwe ya mama peke yake kuachishwa.

Namba za mama wiki hii, asubuhi kabla ya kidonge, mara mbili mbili: 138/84, 141/82, 136/80. Vifundo vimerudi inchi 8 na nusu. Ndala haziachi alama.

Jumatatu, 24 Februari

Wiki nne zimetimia. Daktari amezipenda namba za nyumbani. Leo pale kwake 138/82. Anataka ibaki chini ya 140/90, na ikiwezekana chini kidogo zaidi bila mama kuyumba akisimama. Figo ziko salama.

Nikamuuliza: 5 isipotosha siku za mbele, ndiyo tunarudi kwenye 10 na miguu ile? Akasema si lazima. Mara nyingi ni afadhali kuongeza dawa ya pili kwa kipimo kidogo kuliko kuibana ya kwanza mpaka mwisho wake. Dawa mbili ndogo zinashika presha kwa njia mbili, na madhara ya kila moja hayapati nafasi ya kukua.

Usiku nimemsimulia mpwa wangu. Yeye kama kawaida akaleta utafiti: uliotoka 2019, watu weusi 728 katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliwapa dawa mbili mbili. Kila mchanganyiko uliokuwa na amlodipini, iwe na haidroklorothiazaidi au na perindoprili, ulishusha presha kuliko mchanganyiko wa hizo mbili bila amlodipini. Na hawakuanzia juu: miezi miwili kipimo kidogo, amlodipini ya 5, kisha ndipo kikazidishwa mara mbili. Mama alikuwa anasikiliza kwenye spika. "Kwa hiyo wametupima sisi wenyewe?" akauliza. Mpwa wangu akasema ndiyo, bibi, sisi wenyewe. Akaridhika kama aliyealikwa shughulini kwa jina.

Tumepewa vidonge 60 vya 5. Mama ameulizia na Ramadhani. Daktari kasema dawa ya mara moja kwa siku haina ugomvi na mfungo: ameze baada ya kufuturu. Siku ya kuhama kutoka asubuhi kwenda jioni itakuwa na pengo refu kidogo, lakini hii dawa haikimbii, pengo hilo inalivuka. Ila akisikia kizunguzungu, afungue na apime. Shoga yake, anayetumia ya kukojoa, asiige. Yake inataka maji, akamuulize daktari wake mwenyewe.

Nimempelekea shoga ujumbe huo, pamoja na kidonge chake kilichokuwa bado kipo mezani tangu Januari.

Jumatano, 5 Machi

Mwezi mtukufu umeingia. Kazi ni nyingi, kila mtu anataka kanzu na dera kabla ya Idi, cherehani inalala saa saba usiku.

Mama amejiwekea utaratibu: tende, maji, swala ya magharibi, uji, kidonge. Kidonge anakiweka pembeni ya sahani ya tende tangu alasiri, anakitazama kama mgeni anayesubiri adhana pamoja nasi. Jaribu lipo kwenye futari yenyewe. Sambusa, kachori za mtaani, supu, vyote vina chumvi kuliko chakula cha mchana wa kawaida. Muhogo wa nazi naupika mwenyewe, natia chumvi kidogo, mama ananiambia nimekuwa bahili.

Jana baada ya futari: 134/78.

Jumamosi, 22 Machi

Leo baada ya swala ya adhuhuri mama amekuja chumba cha kushonea, kasimama mlangoni.

"Jana sikumeza. Tulikuwa na wageni, nikasahau. Leo nitameza viwili, nilipe."

Ameniambia mwenyewe. Sikuhesabu, sikuuliza. Nikaacha mguu kwenye pedali bila kuikanyaga.

Nikamweleza kama tulivyoelezwa. Ukikumbuka kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu muda wako, kimeze. Zikipita, kiache, ungoje cha zamu. Viwili kwa mpigo hapana, hata siku moja. Kile cha juzi bado kimo ndani kinafanya kazi. Ukilundika viwili juu yake tunarudi kule kwa kushika ukuta.

"Basi hakina kadha?"

"Hakina kadha, mama. Funga inalipwa, kidonge hakilipwi."

Akafikiri. "Rahisi, basi," akasema, akaenda kulala.

Jumanne, 8 Aprili

Jana usiku tulihesabu pamoja kwa ajili ya leo. Siku 42 tangu tuanze ile bahasha ya 60. Vilitakiwa vibaki 18. Vimebaki 20. Kimoja nakijua. Nikamwangalia mama, akakusanya vidonge akavirudisha kwenye kopo bila kusema. Sikumshika. Nililala nikiwaza kesho atajibu nini.

Kliniki tumekaa benchini dakika zetu tano. 134/80. Amesimama: 130/78. Daktari akafunua daftari.

"Mama, dawa unakunywa?"

Mama akanitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu. Leo nilivaa ndala.

"Nakunywa, mwanangu," akasema. "Siku moja nilisahau, nina wageni. Siku ya Idi sikusahau. Nilikiona, nikakiacha. Nilitaka siku moja niwe mtu asiyemeza kitu."

Daktari hakucheka. Akamwambia hata yeye angetamani siku kama hiyo. Kwamba siku moja haikuvunja kitu, kwa kuwa nyingine 40 zilikuwapo nyuma yake. Ila siku kama hizo zikizoeana zinakuwa Novemba. Na siku akichoka tena, amwambie, watafute namna pamoja. Mama akaitikia.

Nikachungulia anachoandika. Amlodipini mg 5, 1x1. Aendelee. Amekosa 2 kati ya 42.

Mama naye alichungulia. Hasomi mwandiko wa madaktari, lakini namba anazijua.

"Hizo mbili ndizo nilizosema?"

"Ndizo, mama."

"Basi na ile ya Idi iandike kando," akasema, "kwamba ni makusudi."